Sura ya Saba: Muziki Usio na Nyuzi

Vitabu vya muziki vinavyosomwa katika shule za Kenya vimejaa nyuzi na ngozi. Nyatiti ya Wajaluo imo, litungu la Wabukusu limo, obokano ya Wagusii imo, na orutu, na isukuti, na kayamba la Pwani. Kijana aliyehitimu shahada ya muziki akishuka matatu mjini Isiolo, kilomita 285 hivi kutoka Nairobi, vitabu hivyo mkobani, atajikuta kwenye mji ambao wenyeji wake karibu hawana ala hata moja kati ya hizo. Wana makoo. Wana viganja na miguu, wana fimbo na shanga zinazolia zikirushwa, lakini sehemu kubwa ya muziki wao hutoka kifuani na kuishia hewani, bila uzi wala ngozi ya kuupokea.

Ukiwauliza walimu wa huko kwa nini muziki wa kaskazini haumo vitabuni kwa wingi, wengi watataja umbali, barabara na usalama. Ni kweli, lakini lami ya kwenda Moyale imekwisha kukamilika na bado hali haijabadilika sana. Nadhani sababu imo ndani ya taaluma yenyewe. Nadharia ya muziki ya Afrika Mashariki ilizaliwa juu ya ala, na watu wasio na ala wakabaki pembeni, kana kwamba wanachofanya ni kelele za furaha tu.

Isiolo ni mji uliokusanywa zaidi ya ulivyoota. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia serikali ya kikoloni iliwapa makazi hapa askari wa Kisomali, wengi wao wa koo za Isaaq na Harti, waliokuwa wamelitumikia jeshi la Mwingereza. Kikaja kituo cha karantini ya mifugo, kisha ofisi za utawala wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ile NFD ambayo wazee bado huitaja kwa herufi zake tatu. Katika miaka ya 1930 Waborana walisukumiwa kando ya mto Ewaso Nyiro. Waturkana wakaingia kwa ajili ya kazi na malisho, Wasamburu wapo upande wa kaskazini na magharibi, Wameru kwenye miinuko ya kusini. Soma majina ya mitaa: Kambi Garba, Kambi Odha, Kambi ya Juu. Hata leo, mji ukiwa makao makuu ya kaunti, unaishi kwenye kambi. Mwanamuziki anayepita kutoka kambi hadi kambi jioni ya Jumamosi atasikia, ndani ya kilomita chache, namna nne au tano za kupanga sauti zisizofanana kabisa.

Atazisikilizaje? Hapo ndipo ilipo kazi yake.

Mtu wa kumtazama kwanza ni Washington Omondi, kwa sababu maisha yake yanaonyesha jinsi msomi wa muziki wa Kenya alivyolazimika kuwa watu watatu kwa pamoja. Mwaka 1963 alikuwa miongoni mwa watano waliokabidhiwa kazi ya kuandaa wimbo wa taifa, pamoja na Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume na Peter Kibukosya. Mwaka 1980 alikamilisha tasnifu ya uzamivu katika chuo cha SOAS, London, kuhusu thum, yaani nyatiti na muziki wake. Alifundisha Chuo Kikuu cha Kenyatta. Kisha mwaka 1984 zikatoka kazi zake mbili zisizofanana hata kidogo. Moja ilikuwa makala ya kitaalamu juu ya jinsi nyuzi za nyatiti zinavyokazwa, ya kusomwa na watu wachache mno. Nyingine ilikuwa ripoti ya Tume ya Rais ya Kitaifa ya Muziki, tume aliyoiongoza, iliyohusu namna taifa zima linavyopaswa kulea muziki wake. Miaka minne baadaye ikaundwa Tume ya Kudumu ya Rais ya Muziki. Wapo wanaoudhani utafiti wa nyuzi nane za nyatiti kuwa anasa ya wasomi. Omondi aliweza kuzipima nyuzi hizo na kuishauri serikali ndani ya mwaka mmoja, na sioni kama kazi moja ilimharibia nyingine.

Tuitazame nyatiti kwa makini kidogo, maana ndiyo inayotufumbua macho kuhusu Isiolo. Ina nyuzi nane, nne za mkono huu na nne za mkono ule. Mpigaji huketi kwenye kigoda kifupi, ala imelazwa kando yake, na kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia huvaa pete ya chuma anayoigonga kwenye ukingo wa ala. Mtu mmoja anakuwa kundi: sauti nzito, sauti nyembamba, mdundo, na juu ya vyote maneno ya kinywa chake. Lakini kwa mtafiti faida kubwa ya nyatiti ni kwamba uzi ukishakazwa hutulia. Unaweza kuugusa leo, ukaupima, ukampa mwenyewe chai, ukaupima tena. Hugh Tracey, aliyezunguka sehemu nyingi za Afrika akirekodi, alikuwa na uma 54 za chuma za kupimia sauti, kila moja ikiipita jirani yake kwa mitetemo minne kwa sekunde. Alilinganisha uma na kibao cha marimba, akaandika namba. Klaus Wachsmann, aliyesimamia jumba la makumbusho la Uganda, naye alipima ala za huko kwa subira hiyo hiyo. Namba hizo ndizo zilizotufundisha kwamba skeli za Waganda au Wajaluo hazikuwa piano iliyokosewa. Zilikuwa na mpangilio wake.

Sasa mpeleke Tracey na uma zake mbele ya vijana wa Kisamburu wanaocheza karibu na Archer's Post.

Kiongozi wa wimbo, ambaye Wamasai, ndugu zao wa lugha, humwita olaranyani, anatupa mstari wake juu, sauti nyembamba yenye kuteleza. Kundi linamjibu. Chini ya vyote kuna mngurumo wa koo: pumzi inaingia na kutoka kwa pamoja, kidevu kinasogea mbele, goti linakunjika, shanga za wasichana zinaruka na kuanguka na mlio wake mwenyewe. Hakuna ngoma. Ukitafuta mdundo utaukuta ndani ya pumzi. Je, mngurumo ule ni nota? Una uzito wa sauti unaosikika wazi, lakini haukai kwenye ngazi yoyote ya skeli. Ni sehemu ya melodi, au ni ngoma iliyotengenezwa kwa mapafu? Ukimwandikia mwalimu wako wa uzamili kwamba ni “athari ya sauti”, umelikimbia swali. Na ukiamua kuuandika kwenye mistari mitano kama besi ya kwaya, umesema uongo kwa wino mzuri.

Programu za kompyuta zimesaidia kwa kiasi. Praat, iliyotengenezwa Amsterdam kwa ajili ya wanafonetiki, huchora njia ya sauti ya mtu mmoja ikipanda na kushuka, bure, hata kwenye kompyuta ya bei ndogo. Ipe mwimbaji mmoja wa Kiborana, na mchoro unapendeza. Ipe vijana ishirini wanaonguruma, na mchoro unakatikakatika kana kwamba mashine imechoka. Mwanamuziki Simha Arom alikutana na ugumu wa aina hii Jamhuri ya Afrika ya Kati, ambako alichunguza muziki wa sauti nyingi zilizosukana. Alirekodi kundi zima kwanza, kisha akamvalisha kila mpigaji visikilizio masikioni na kumrekodi peke yake juu ya ile rekodi ya kwanza, mpaka akazifumua sauti zote moja moja. Ni mbinu ya akili sana. Ila kwa Wasamburu naiona ikigonga mwamba, kwa sababu mngurumo ule ni wa watu wanaovuta pumzi wakiwa bega kwa bega. Mtenge mmoja, mpe visikilizio, na utapata kijana anayekohoa kwa adabu.

Waborana wanaleta swali tofauti. Nyimbo zao za visimani zinaongozwa na kazi: watu wamepangana ngazi kwa ngazi ndani ya shimo refu, ndoo inapita mkono kwa mkono hadi kwenye hori, ng'ombe wanasubiri, na wimbo ndio unaozuia ndoo isigongane na mkono usio tayari. Kasi ya wimbo inatokana na kina cha kisima, uzito wa maji na idadi ya mikono. Hakuna mahali pa kuandika mambo hayo kwenye karatasi ya nota. Umaarufu wa visima hivyo umefika mbali kiasi kwamba mradi wa Singing Wells, ulioanzishwa na Ketebul Music ya Nairobi pamoja na Abubilla Music ya London ili kurekodi muziki wa asili Afrika Mashariki, ulichukua jina kutoka kwao. Waturkana nao humtungia wimbo fahali mmoja anayependwa, na mwenye fahali akicheza huinua mikono na kuipinda kwa umbo la pembe zake. Wimbo huo una mwenyewe, kama ng'ombe alivyo na mwenyewe. Mtafiti aliyezoea kuandika “mtunzi: hajulikani” chini ya kila wimbo wa kienyeji itambidi aifute tabia hiyo huku.

Kati ya mafunzo yote ambayo Isiolo inaweza kumpa mwananadharia, lililo bora zaidi kwa maoni yangu linatoka kwa Wasomali, na halikuvumbuliwa na mtu wa muziki. Mwaka 1976, miaka minne tu baada ya lugha ya Kisomali kupewa rasmi hati ya Kilatini, mshairi Maxamed Xaashi Dhamac, anayejulikana zaidi kama Gaarriye, alichapisha kwenye gazeti la Xiddigta Oktoobar mfululizo wa makala akieleza mizani ya mashairi ya Kisomali inavyofanya kazi. Elimu aliyoisomea ilikuwa ya sayansi. Mpaka wakati huo washairi waliijua mizani kwa sikio. Mstari uliovunjika uliwakera papo hapo, lakini kanuni yenyewe haikuwa imeandikwa.

Msomaji wa Kiswahili ana bahati hapa, kwa kuwa anajua mizani tangu shuleni: silabi nane kwa nane, kumi na sita kwa mshororo, kila silabi ikihesabiwa sawa na mwenzake. Kisomali hakihesabu hivyo. Kina irabu fupi na irabu ndefu, na irabu ndefu huchukua nafasi ya mbili fupi. Kinachopimwa katika mstari ni jumla ya muda wa irabu hizo, na kuna mahali maalumu ambapo irabu ndefu inaruhusiwa na mahali inapokatazwa. Kila aina ya utungo ina hesabu yake, gabay wa wanaume na buraanbur wa wanawake wakiwa miongoni mwa aina hizo. Juu yake kuna sharti la sauti moja ya mwanzo kurudiwa mstari kwa mstari hadi utungo wote uishe. Maana yake kwa mwanamuziki ni kubwa: mdundo umo ndani ya lugha tayari kabla mtu hajapiga kofi. Harusini, akina mama wanapotumbuiza kwa buraanbur, makofi na hatua zao zinaufuata muda ambao irabu zimeshaupanga.

Gaarriye hakuhitaji uma 54. Alihitaji sikio la mshairi na mazoea ya mwanasayansi ya kuuliza kwa nini mstari huu umekubali na ule umekataa. Nionavyo, hiyo ndiyo njia itakayoifaa Isiolo yote. Wenyeji tayari wanajua kipi kimekosewa. Kazi ya mtafiti ni kuleta mstari uliokosewa kwa makusudi, kuwaimbia, na kutazama nani anacheka na anacheka wapi.

Kuwaimbia, nasema, na hapa maisha ya jukwaani yanaingia kwenye utafiti. Gerhard Kubik, Mwaustria aliyefika Kampala mwishoni mwa mwaka 1959, alijifunza kupiga amadinda, marimba ya Waganda, kwa Evaristo Muyinda. Katika amadinda wapigaji wawili hupachikana, kila mmoja akiweka pigo lake katikati ya mapigo ya mwenzake. Kubik akiwa mpigaji alijua mikono yake inafanya nini, na bado masikio yake yalisikia melodi ya tatu ambayo hakuna mkono uliokuwa ukiipiga. Melodi hiyo hutokea kichwani mwa msikilizaji, nota za juu zikiungana zenyewe na za chini zikijitenga. Nadharia yake kuhusu jambo hilo ikawa maarufu duniani, na chimbuko lake lilikuwa mwanafunzi mwenye fimbo mkononi. Angekaa pembeni na daftari angeandika tu kile alichosikia, na asingejua kwamba hakuna aliyekipiga.

Kwa hiyo kijana wetu wa Isiolo inabidi aimbe. Inabidi akubali kuwekwa mwisho wa mstari, atoe pumzi vibaya, achekwe. Wakati huo huo ana kanisa linalomtaka afundishe kwaya Jumapili kwa solfa, ana harusi ya rafiki inayomtaka na kinanda, na pengine hoteli ya watalii ya Buffalo Springs au Shaba inayotaka mtu wa gitaa kwa saa mbili jioni. Watu huona kazi hizi kuwa za kutafutia unga wakati tasnifu inasubiri. Mimi nazihesabu kuwa sehemu ya tasnifu. Kwaya ya solfa ni maabara ya bure. Waimbaji wa Kiturkana, Kimeru na Kiborana wakisoma d-r-m ile ile, kila mmoja huikaza “fa” na “ti” mahali pake, na mwalimu mwenye masikio atajua ni wapi bila kuwasahihisha haraka.

Darasani mambo yanabana zaidi. Kenya Music Festival, iliyoanza mwaka 1927, ndiyo mtihani halisi wa muziki katika shule nyingi, hata zile zisizo na somo lenyewe. Shule hupanda kutoka kaunti ndogo hadi kaunti, mkoa, kisha taifa, na jukwaa lina dakika zake. Wimbo wa kisima ambao ungeendelea hadi ng'ombe wa mwisho anywe unafupishwa, unapewa mwanzo, kilele na kutoka jukwaani kwa madaha. Silaumu sana. Tamasha limewafanya watoto wa Nyanza kucheza Kisamburu na watoto wa kaskazini kuimba Kiluhya, na hakuna kitabu cha uraia kilichofanya hivyo. Ninacholalamikia ni ngoma. Kocha anayeogopa kwamba jukwaa litaonekana tupu huongeza ngoma mbili kwenye dansi ya watu wasio na ngoma, na mngurumo wa pumzi, jambo la thamani kuliko yote, unafunikwa.

Wimbo wenyewe wa taifa ulipitia mlango wa namna hiyo. Lahani yake ilitoka kwa Wapokomo wa Tana River, kaunti inayopakana na Isiolo upande wa kusini, na aliyewapa wanakamati ni mzee Meza Morowa Galana. Ulikuwa wimbo wa kubembeleza mtoto. Omondi na wenzake waliupa mwendo wa gwaride, sauti za kwaya na nafasi ya bendi ya tarumbeta, na wakafanya kazi nzuri. Ila inafaa kukumbuka kwamba muziki wa koo tupu uliingia ikulu baada ya kuvikwa shaba.

Kuna suala la muda, ambalo halimo kwenye mwongozo wowote wa utafiti ninaoujua. Mwanafunzi wa uzamili ana miaka miwili, wa uzamivu mitatu au zaidi kidogo. Kwanza atatafuta kibali cha utafiti kutoka tume ya taifa ya sayansi, NACOSTI, kisha aripoti kwa kamishna wa kaunti na idara ya elimu, kisha kwa wazee, ambao kibali chao ndicho cha maana. Tangu mwaka 2016 kuna sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kiutamaduni, inayotaka jamii iridhie kabla mali yake haijatumiwa, na wazee wa Isiolo wanaijua kuliko wahadhiri wengi. Hayo yote yanawezekana ndani ya miaka mitatu. Lakini nyimbo za kutahiri za Wasamburu, lebarta zikiwemo, hufuata rika, na rika jipya hufunguliwa kila baada ya miaka 14 hivi. Lkishami walianza kutahiriwa mwaka 2005. Mwanafunzi aliyejisajili mwaka usiofaa atamaliza masomo, atahitimu na pengine atapandishwa cheo bila kuusikia wimbo alioandikia tasnifu mahali pake unapoimbwa. Atategemea wazee wamwimbie kwa kumbukumbu, wameketi, mchana. Ni kama kuandika juu ya Ramadhani kwa mahojiano ya mwezi wa Rajabu.

Ndiyo maana siamini kwamba utafiti huu ni wa wageni wa miaka mitatu, wawe wa Ulaya au wa Nairobi. Unamfaa mwalimu aliyeajiriwa palepale, mwenye mshahara wa kawaida na muda mrefu. Na unawafaa zaidi walimu wawili, mwanamke na mwanamume, kwa kuwa buraanbur haiimbiwi mwanamume mwenye kinasa sauti mlangoni, wala vijana wa rika hawatamfungulia mwanamke kila kitu.

Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10, na muziki umo katika mkondo wa sanaa na michezo. Katika mfumo wa 8-4-4, mtahiniwa wa muziki wa kidato cha nne alikuwa na karatasi tatu: ya kutumbuiza, ya kusikiliza na ya nadharia. Katika ya kusikiliza, kinasa kilicheza vipande na mtoto akaandika nota. Ningependa kuona, kwa shule za Isiolo, kipande kimoja tu cha vijana wanaonguruma bila ngoma, na swali lisilotaka nota hata moja: pumzi zinaingia wapi, zinatoka wapi, na kiongozi anaanza mstari wake kabla au baada yake? Mtoto wa Oldonyiro atalijibu kabla kipande hakijaisha. Mtahini ndiye atakayehitaji kukisikiliza mara ya pili.